LIKIZO PWANI: Jinsi ya kutambua ufuo safi, mtulivu na salama kuogelea

KILA Desemba shule zinapofungwa, treni ya Madaraka Express hujaa, mabasi ya usiku huongezwa na barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa hugeuka msururu wa magari ya familia zinazokwenda kuiona bahari. Wengi wa wasafiri hao huwa wamepanga kila kitu: nauli, chumba, chakula, hata nguo za kupigia picha. Swali moja ndilo huachwa mpaka nyayo ziguse mchanga, nalo ndilo zito kuliko yote. Je, maji haya ni safi? Je, mtoto wangu akiingia humu atatoka salama?

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwa mwogeleaji wa likizo, afadhali ayachunguze kabla ya kuvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajatimiza umri wa miaka mitano. Si wote waliofia baharini. Mito, visima na mabwawa yalichukua sehemu yao. Lakini mtu aliyekulia Nyeri, Kitui au Kakamega, ambaye bahari huiona mara moja kwa miaka kadhaa, huingia kwenye maji asiyoyajua tabia, mara nyingi bila kujua kuogelea, na akiwa amewashika watoto mkono.

Kuna nchi ambazo zimemrahisishia msafiri kazi ya kuchagua. Hutundika bendera.

Bendera mashuhuri kuliko zote ni Bendera ya Buluu. Ilianzia Ufaransa mwaka 1985, ambako miji ya pwani ilituzwa kwa kusafisha majitaka yake na kwa kuwa na maji mazuri ya kuogelea. Mwaka 1987 mpango huo ulipanuliwa hadi nchi 10 za Ulaya. Husimamiwa na shirika la Foundation for Environmental Education lenye makao yake Copenhagen, Denmark, na siku hizi bendera hiyo hupepea katika maeneo zaidi ya 5,000 ya takriban nchi 50, yakiwemo fuo, bandari ndogo za mashua na vyombo vya utalii. Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kuipokea, mwaka 2001. Barani kwetu, Morocco na Tunisia nazo zimo.

Ufuo hauipati bendera hiyo kwa sababu ya mchanga mweupe au minazi inayoinama vizuri. Kuna masharti 33, yaliyogawanywa katika mafungu manne: elimu na habari kuhusu mazingira, ubora wa maji, utunzaji wa mazingira, na usalama pamoja na huduma. Maji sharti yapimwe mara kwa mara msimu wote, muda kati ya kipimo kimoja na kingine usipite siku 31, na matokeo yabandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Majitaka ya viwanda au ya mji hayaruhusiwi kumwagwa katika eneo hilo. Vyoo viwepo, tena visafi. Waokoaji wawepo au vifaa vya kuokolea viwe karibu. Bendera hutolewa kwa msimu mmoja tu, na ufuo ukilegea katikati ya msimu, hushushwa.

Kiini cha kipimo cha maji ni bakteria wa aina mbili: E. coli na wale waitwao enterokoki. Wote huishi katika matumbo ya binadamu na wanyama wenye damu moto. Wenyewe huenda wasikudhuru, lakini wakionekana kwa wingi katika maji ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika hapo, na pamoja nacho huenda vimefika viini vya kuharisha, homa ya matumbo na maradhi ya ngozi na masikio. Enterokoki huaminiwa zaidi baharini kwa sababu huvumilia chumvi kwa muda mrefu kuliko wenzao. Masharti ya Bendera ya Buluu hayaruhusu E. coli zaidi ya 250 katika mililita 100 za maji, wala enterokoki zaidi ya 100 katika kiasi hicho hicho. Mililita 100 si hata nusu ya kikombe cha chai.

Waitaliano, ambao wengi wao wamefanya Malindi na Watamu kuwa makao yao ya pili, wana bendera nyingine ya kupendeza. Tangu mwaka 2008, madaktari wa watoto nchini Italia huchagua fuo zinazowafaa watoto na kuzipa Bendera ya Kijani. Humo huangaliwa mambo ambayo mzazi yeyote angeyauliza: je, maji ni safi na hayana kina kirefu karibu na nchi kavu? Kuna mchanga wa kuchezea? Kuna waokoaji? Kuna nafasi ya kutosha kati ya mwavuli mmoja na mwingine ili mtoto asipotee? Maswali hayo hayahitaji maabara. Mzazi wa Machakos anaweza kuyauliza akiwa amesimama ufuoni Bamburi.

Naye atalazimika kuyauliza, kwa kuwa pwani yetu haijazoea mambo ya bendera. Vyeti tulivyo navyo ni vya namna nyingine, na ni muhimu msafiri asivichanganye. Nyota za hoteli hupima hoteli: vitanda, chakula, huduma. Mpango wa kukadiria utunzaji wa mazingira, ambao chama cha Ecotourism Kenya kiliuanzisha mwaka 2002 na ambao hutoa daraja za shaba, fedha na dhahabu, huangalia jinsi hoteli inavyotumia maji, umeme, taka na inavyohusiana na majirani. Ni jambo jema. Lakini dhahabu iliyotundikwa ukutani kwenye mapokezi haisemi lolote kuhusu kijito kinachomwaga majitaka nusu kilomita kutoka hapo, katika ardhi ya mtu mwingine. Cheti cha hoteli si cheti cha bahari.

Kisheria, Kenya haikusahau waogeleaji. Kanuni za Ubora wa Maji zilizotolewa mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ziliweka viwango vya maji yatumiwayo kwa burudani, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikapewa jukumu la kuwaandama wanaomwaga majitaka bila leseni. Kinachokosekana ni ule ubao wa ufuoni wenye tarehe na tarakimu. Sheria ikikaa Nairobi na matokeo yakabaki katika faili, mama anayemvua mtoto viatu hapo Shanzu hafaidiki.

MAJI SAFI HUTAMBULIKAJE?

Tukubaliane kwanza kuhusu kitu ambacho si uchafu. Wakati wa pepo za kusi, mawimbi hutupa ufuoni marundo ya mwani, mengine yakifika magotini. Wageni huyaona wakakunja pua, na hoteli huajiri vijana wa kuyazoa usiku usiku. Mwani ni majani ya bahari. Hunuka ukioza, ndiyo, na huudhi miguu, lakini hauleti maradhi, tena hushikilia mchanga usiliwe na mawimbi na hulisha viumbe wadogo. Ufuo wenye mwani unaweza kuwa safi kuliko ule uliofagiwa ukang'aa.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Maji yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kuona vidole vyako na bado yakawa na kinyesi. Sehemu kubwa ya mji wa Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Watu hutumia vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi. Kisiwa na pwani yake vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo una vinyweleo kama sifongo. Kinachomwagwa shimoni hupenya polepole hadi visimani na hatimaye baharini. Kwa miaka mingi watafiti wamechunguza mikoko ya Mikindani, kando ya Hori ya Tudor, kwa sababu inapokea majitaka ya mitaa iliyo juu yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuogelea upande wa bahari kuu, mbali na mahori na mbali na mji mkongwe. Bahari kuu hubadilisha maji yake kwa kila kujaa na kupwa. Hori hukawia.

Kanuni ya pili ni kutembea. Kabla ya watoto kuingia majini, tembea mita 300 kila upande. Tafuta bomba linalotokea chini ya ukuta, mfereji uliochimbwa mchangani, kijito chenye povu au ukijani unaoteleza juu ya mawe mahali pamoja tu. Ukijani wa namna hiyo hupenda mbolea, na mbolea yenyewe mara nyingi ni majitaka. Tumia pua pia. Ukiona mfereji, sogea mbali nao, tena usogee upande ambao maji yake hayaelekei. Watoto hupenda sana vijito hivyo vya ufuoni kwa sababu havina mawimbi na maji yake ni vuguvugu. Ndipo mahali pabaya kabisa pa kumkalisha mtoto wa miaka miwili.

Kanuni ya tatu ni mvua. Mvua kubwa ikinyesha, huosha mitaa yote na kuisukumia baharini, na mashimo ya vyoo hufurika. Ufuo uliokuwa safi jana unaweza kuwa mchafu leo. Afrika Kusini, pamoja na bendera zake zote, ilijifunza hilo kwa uchungu: baada ya mafuriko ya Aprili 2022 mjini Durban, mitambo ya majitaka iliharibika na fuo kadhaa zikafungwa kwa vipindi virefu kwa sababu ya wingi wa E. coli. Huku kwetu hakuna atakayekufungia ufuo. Jifungie mwenyewe: baada ya mvua kubwa, ngoja siku mbili au tatu kabla ya kuingia majini, na mwenye kidonda kibichi au sikio linalouma angoje zaidi.

Kuhusu plastiki, hali imebadilika kuliko ilivyokuwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kuanzia Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zikakatazwa katika mbuga, misitu na fuo. Chupa bado huonekana, nyingine zikiletwa na mikondo kutoka mbali. Lakini chupa ni uchafu unaoonekana, na uchafu unaoonekana ndio mdogo wa ile miwili.

UTULIVU WA MAJI NI MATUNDA YA MWAMBA

Mtu akiuliza kwa nini bahari ya Diani ni tulivu kuliko picha za bahari anazoziona katika filamu, jibu liko mbele yake, pale ambapo mstari mweupe wa povu huonekana kwa mbali. Huo ni mwamba wa matumbawe. Umeizingira sehemu kubwa ya pwani ya kusini, kuanzia karibu na mpaka wa Tanzania hadi maeneo ya Malindi, ukiwa umbali wa nusu kilomita hadi kilomita mbili kutoka ufuoni. Mawimbi ya Bahari Hindi huvunjikia hapo, na yafikapo kwa mwogeleaji huwa yamechoka. Nyuma ya mwamba huo hubaki kama birika kubwa lenye kina kifupi na mchanga chini.

Mwamba huo una milango. Matumbawe hayapendi maji ya mito wala tope, kwa hivyo pale ambapo hori au mto huingia baharini, mwamba hukatika. Ndivyo ilivyo Mtwapa, Kilifi, na penye mlango wa bandari ya Mombasa. Katika milango hiyo maji huingia na kutoka kwa kasi, na hakuna ukuta wa kuzuia mawimbi. Vivyo hivyo pale ambapo Mto Mwachema humwagikia kati ya Tiwi na Diani, karibu na msikiti wa kale wa Kongo. Mahali hapo ni pazuri mno, na watu hupenda kuoga hapo, lakini maji yapwapo mto huvuta kuelekea nje. Wenyeji hujua saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mgeni hajui.

Malindi inahitaji aya yake. Kaskazini mwa mji huo huingia Mto Sabaki, na kila mvua inyeshapo bara, mto huleta tope linaloigeuza ghuba yote kuwa ya kahawia. Kwa sababu hiyo hiyo, hapo mbele ya mji hakuna mwamba wa kutuliza mawimbi. Mchanga wa ghuba hiyo na wa Mambrui humetameta kama dhahabu, na vijana wapendao mawimbi hufurahi, lakini kwa mtoto mdogo afadhali kwenda kusini, kuelekea hifadhi ya bahari, ambako matumbawe yapo na maji huwa maangavu zaidi. Na Mnairobi anayelalamika kwamba maji ya Malindi ni machafu akumbuke kwamba Sabaki ni jina la mwisho la Mto Athi. Mto Nairobi humwagikia humo. Baadhi ya yanayomkera amekutana nayo kwao.

Watamu kuna ghuba ndogo zilizokingwa na visiwa vya mawe, na pamoja na Malindi eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968, miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo Afrika. Kwa maoni ya mwandishi huyu, familia yenye watoto wadogo na fedha za kutosha za nauli haitajuta kufika huko. Shela, kisiwani Lamu, ni hadithi tofauti. Ufuo wake wa takriban kilomita 12 ni miongoni mwa fuo nzuri kuliko zote nchini, lakini ukishapita kijiji na kuelekea bahari wazi hakuna mwamba wa kukukinga. Kusi ikivuma, mawimbi huko si ya mchezo, na watu ni wachache wa kusikia ukipiga kelele.

Pepo nazo zina ratiba yake. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, ikiichafua bahari kwa mawimbi na mwani. Kaskazi huja kuanzia Desemba hadi Machi, na kati yake kuna matlai, kipindi cha Oktoba na Novemba ambapo bahari hulala kama maji ya birikani. Mwenye uhuru wa kuchagua mwezi wa likizo, yaani asiyefungwa na kalenda ya shule, achague hapo.

Lakini jambo ambalo huwaharibia wageni wengi siku yao, na wakati mwingine huhatarisha maisha yao, ni kupwa na kujaa kwa maji. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, yakichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku ipitayo. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Wavuvi wa Kiswahili hawana haja ya saa; hutazama mwezi. Mgeni naye anaweza kujifunza kwa dakika moja. Mombasa, siku za bamvua, maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa takriban saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakijaa karibu na saa nne au tano asubuhi. Kwa hivyo familia inayofika Bamburi wakati wa mwezi mpevu na kukimbilia ufuoni baada ya kifungua kinywa itakuta bahari imeondoka, imebaki mawe, madimbwi na watu wanaotembea mbali wakiokota kombe. Si kwamba wametapeliwa na hoteli. Wangoje alasiri. Halmashauri ya Bandari, KPA, huchapisha jedwali la maji kwa kila siku ya mwaka, na hoteli nyingi hulibandika mahali pa kupokelea wageni.

Kutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamepwa ni burudani yake, mradi mtu avae viatu. Humo mna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama ya nungu, mna samaki mwenye sumu ajifanyaye jiwe, na mchangani hulala taa mwenye mwiba mkiani. Ukiburuta nyayo badala ya kuzinyanyua, taa husikia na kuondoka. Hatari kubwa zaidi ni kusahau saa. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta unaoonekana. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Mwendo wake huwa wa kasi zaidi katika saa ya tatu na ya nne tangu yalipoanza kujaa. Mtu aliyefika kwenye mwamba akiwa na maji ya kifundo cha mguu hugeuka akakuta njia ya kurudi ina maji ya kifua.

NANI ATAKAYEKUONA UKIZAMA?

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, hupokea maelfu ya watu siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya. Kuna ngamia, wapiga picha, wauza mihogo ya kukaanga na vijana wanaokodisha mipira ya ndani ya magurudumu kama maboya. Ni mahali pa furaha na hakuna sababu ya kumwogopesha mtu asiende. Wapo waokoaji siku hizo. Ila mwokoaji mmoja hawezi kutazama vichwa elfu moja, na mpira wa gurudumu si kifaa cha uokoaji: mtoto huponyoka katikati yake, na upepo wa kutoka nchi kavu huusukuma kuelekea kwenye kina. Mwandike mtoto nambari ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika. Mzazi asimame majini kati ya mtoto na bahari, si ufuoni akiwa na simu.

Anayezama hapigi kelele kama katika filamu. Kinywa chake hupanda na kushuka usawa wa maji, mikono husukuma maji pembeni, na sauti haipo kwa sababu pumzi haipo. Huisha kwa dakika chache. Ndiyo maana mtu wa kutazama, asiyekunywa pombe, asiyeogelea, asiyefanya lolote ila kutazama, ni wa thamani kuliko boya.

Penye waokoaji, eneo wanalolilinda aghalabu huonyeshwa kwa bendera mbili zenye rangi nyekundu na njano. Oga kati yake. Bendera nyekundu pekee ina maana ya hatari. Ile ya zambarau huonya kuhusu viumbe wanaochoma kama yavuyavu. Mahali pasipo bendera yoyote, ambapo ndipo penye sehemu kubwa ya pwani yetu, muulize mvuvi au mwendesha mashua maswali mawili: mkondo unaelekea wapi, na mlango wa mwamba uko wapi. Watakujibu bila ada.

Ukishikwa na mkondo unaokuvuta nje, usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea ufuoni. Hata waogeleaji hodari huchokea hapo. Elea, pumua, inua mkono mmoja kuomba msaada. Mkondo wa aina hiyo huwa mwembamba, kwa hivyo ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufuo mpaka uhisi umekuachilia, kisha ndipo urudi kwa mshazari. Anayekuona asikurukie akiwa mikono mitupu. Akutupie kitu kinachoelea, hata dumu tupu la mafuta lililofungwa kifuniko. Familia hupoteza watu wawili mahali ambapo zingepoteza mmoja, au zisingepoteza yeyote.

Limebaki jambo la haki. Wapo wageni wanaodhani kwamba ufuo mzuri ni wa hoteli, na kwamba asiyelipia chumba hana budi kusongamana katika ufuo wa umma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kukuzuia kupita katika bustani yake na kutumia viti vyake. Haiwezi kukufukuza penye mchanga unaolowa. Tatizo la kweli ni vichochoro vya kufikia huko, ambavyo katika maeneo mengi vimezibwa kwa kuta na mageti, na ndiyo sababu watu wote hujikuta wamerundikana mahali pale pale ambapo lango liko wazi. Diani, Tiwi na Kikambala zingali na njia za umma kwa anayeuliza. Muulize mwendesha bodaboda, naye atakufikisha.

Na kabla ya kulipa chumba, piga simu hotelini, uliza mambo matatu. Majitaka yenu huenda wapi? Maji ya bahari yaliyo mbele yenu yalipimwa lini, na naweza kuyaona matokeo? Mwokoaji yupo saa ngapi hadi saa ngapi, na ni wa bwawa tu au wa bahari pia? Anayejibu simu huenda akashtuka, kwa sababu wageni huuliza kuhusu intaneti na kifungua kinywa. Wengine watakutafutia jibu kwa meneja. Anayekuambia kwamba bahari ni ya Mungu na haipimwi, mshukuru kwa upole, kisha piga nambari inayofuata.